Gari zuri, ahadi mbichi: miezi saba na gari la umeme la kundi la kwanza

Masala ya biriani yakimwagika kwenye zulia la buti, hayatoki. Nimejaribu sabuni ya mche, ndimu na magadi, mwisho nikawapelekea vijana wa kuosha magari karibu na Buxton, hapa Mombasa, wakalivua zulia lote na kulianika siku mbili. Umanjano umefifia, lakini harufu ya iliki na bizari ingali mle ndani, na jua la saa saba likishapiga vioo, nikifungua mlango ndiyo inayonipokea. Naanzia hapo kwa sababu kila anayeniuliza gari langu la umeme likoje, humfungulia buti anuse kwanza, kisha ndipo tunazungumza.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Nakaa Tudor, uani nina meko matatu na banda la kukatia vitunguu, na kwa miaka 22 nimepikia harusi, hitima na maulidi kuanzia Kizingo hadi Mtwapa. Chakula changu kilikuwa kikisafiri kwa Probox ya petroli, gari aminifu lakini lenye kiu. Mwanangu wa pili, anayefanya kazi bandarini, ndiye aliyenitia maneno ya umeme sikioni, na miezi saba iliyopita nikalinunua: gari jipya la Uchina, usukani kulia, shilingi milioni 4.2. Kampuni siitaji, wala yadi siitaji. Wenye magari kama langu watajijua.

Gari lenyewe, kama gari, nalipenda. Halina kelele hata kidogo, mpaka paka wa mtaani kwetu wamelazimika kujifunza upya kujihadhari. Fundi alinifungia chaja ya ukutani ya kilowati 7 kwa siku moja. Nikilala betri iko robo, alfajiri naikuta imejaa. Kwa mizunguko yangu, na AC ikiwaka muda wote maana sufuria ni za moto na mimi mwenyewe ni wa moto, latumia uniti kama 16 kwa kilomita 100. Uniti moja ya stima ya nyumbani, na makato yake yote, hunifikia karibu shilingi 30, kwa hiyo kilomita 100 ni kama shilingi 480. Probox kwa mwendo huohuo wa kusimama na kwenda ilikula lita 10, na lita ni karibu shilingi 180. Piga hesabu mwenyewe. Halafu mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya stima ya magari, wakati huo shilingi 16 kwa uniti saa ambazo watu wengi wanatumia na 8 saa ambazo hawatumii, hiyo ikiwa bei ya msingi kabla ya makato, ila yahitaji mita yake peke yake. Hiyo bado sijaifuatia.

Tena lina soketi ya kutoa stima. Hili sikulijali siku ya kununua, sasa ndilo nalitaja kwenye swala. Usiku mmoja, saa nane, stima ilipotea Tudor nzima nami nina kilo 15 za nyanya, na thomu na tangawizi, vyote havijasagwa, na harusi ni kesho. Nilivuta waya kutoka garini hadi kwenye banda, nikawasha blenda mbili na taa moja, friji ya nyama nikaichomeka pia. Asubuhi betri ilikuwa imepungua asilimia 6 tu. Jirani yangu alikuja na thomu yake naye.

Sasa tuje kwenye mateso.

Siku ya kununua, kijana wa mauzo, mwenye adabu zake njema, aliniletea karatasi ya kifurushi cha usaidizi wa dereva. Shilingi 260,000 juu ya bei ya gari. Kilikuwa na vipengele kumi: kufuata gari la mbele na kupunguza mwendo lenyewe (ndiyo kruzi), breki za dharura, kulishika gari ndani ya leni, kusoma alama za barabarani, kubadilisha leni lenyewe, kujiegesha, kusimama kwenye taa za barabarani, kurekodi picha za kamera, na vingine ambavyo hata majina yake nimeyasahau kwa sababu sijawahi kuvitumia. Alikuwa akiweka tiki kwa kalamu, moja moja. "Vyote hivi unavyo, Mama." Na kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza, nikapunguziwa 250,000 kwenye gari. Nikajiona mjanja: wamenipunguzia huku, nimewapa kule, kifurushi nimekipata kwa alfu kumi.

Siku nalichukua, vipengele vinne ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi. Sita vilikuwa kwenye skrini kwa rangi ya kijivu, na chini yake maandishi kwamba vitaletwa karibuni. Ukivigusa havikatai wala havikubali. Vya kuangalia tu.

Niwaambie kazi yangu inavyokwenda. Mtu akija kuweka biriani la sahani 200, ananipa arbuni, nusu. Namwandikia kwenye daftari: tarehe, sahani ngapi, mbuzi au kuku, achari ipo au haipo, nani anashusha sufuria. Nusu ya pili hulipa vifuniko vikishafunuliwa mbele yake. Sijawahi hata siku moja kumwambia mama wa bibi harusi, nilipe zote leo, wali huu hapa, masala yatakuja yatakapoiva. Angenitoa kwa leso kichwani. Yadi ile niliilipa zote, wali na masala, na tarehe hakuna.

Na hivyo vinne vilivyopo? Wahandisi wa magari wa chama cha SAE wamepanga hizi habari za kujiendesha kwa ngazi, 0 hadi 5. Langu ni ngazi ya 2. Maana yake kwa lugha ya uani: gari linakushikia usukani na kukupunguzia mwendo, lakini macho ni yako, mikono ni yako, na likigonga, aliyegonga ni wewe. Kijana wa mauzo hakusema uongo hapo, alisema "litakusaidia". Mimi ndiye niliyesikia "litakuendesha". Na jina lililoandikwa kwenye brosha lilikuwa limekaa katikati ya maneno hayo mawili, kwa makusudi naamini.

Skrini ya mbele huchora kila linachokiona gari: magari, pikipiki, watu. Wiki ya kwanza mjukuu wangu alikuwa akikaa kiti cha mbele kucheka. Mkokoteni wa maji ukitokea, skrini inachora lori. Hatua mbili, inachora pikipiki. Ukipita ubavuni, ni mtu mwenye mabega mapana. Tuk-tuk ni gari dogo likiwa mbele, na likiwa upande halipo kabisa. Mbuzi wa Kisauni hawajawahi kuchorwa. Halafu kuna hili la kusoma alama, lililokuja na sasisho la kwanza la programu ya gari, mwezi wa tatu. Malori yetu yana kibandiko cha 80 mgongoni, ndio mwendo wake wa mwisho kisheria. Basi ukiwa Changamwe, foleni ya makontena mbele yako, gari linasoma mgongo wa lori na kukutangazia kwa fahari kwamba hapa wapita kwa 80. Mjini sheria ni 50, na siku hiyo tulikuwa tukienda 5.

Hayo ni ya kuchekesha. La darajani halikuchekesha.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, harusi ya Bamburi. Wali ulikuwa umetangulia na pikapu ya jirani. Kwenye buti nilikuwa na sufuria mbili za masala ya mbuzi, kila moja kimo cha goti, vifuniko vimefungwa kwa leso kama ilivyo desturi yangu. Nikaingia Daraja la Nyali, nikaweka kruzi 50, mguu nikauondoa. Kushoto kwangu hamali alikuwa akisukuma mkokoteni wa mabati mapya, na jua lilikuwa limeyapiga hata nikakunja macho. Mbele yangu hakuna kitu, lami tupu. Gari likapiga ukelele mmoja, mkanda ukanibana kifua, na breki zikakamata kana kwamba mtoto amekatiza.

Nyuma nikasikia sauti mbili. Ya kwanza ni tairi za tuk-tuk zikisaga lami. Ya pili sikuitambua mara moja: kama mtu anamwaga ndoo ya maji taratibu, bila haraka.

Mwenye tuk-tuk alisimama kiganja kimoja kutoka bampa yangu. Akatoa kichwa. "Mama! Wafunga breki hivyo katikati ya daraja, wataka tufe?"

Nikamwambia si mimi, ni gari.

Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Basi lipokonye usukani."

Leso moja ilifunguka, theluthi ya sufuria ikaenda. Sahani kama 30. Nilimpigia dada yangu, aliyekuwa na nyama ya akiba, akaungaunga masala mengine kwa haraka, na wageni waliokuwa wale saa saba wakala saa nane na robo. Shilingi 8,000 nilizikata mwenyewe kwenye bili kabla hawajasema, kwa sababu najua zingesemwa mpaka Lamu.

Gari hurekodi picha za kamera zake, hilo ni mojawapo ya vinne. Usiku ule mimi na mwanangu tukaitazama rekodi mara nne. Hakuna mtoto, hakuna gari, hakuna paka. Kuna mkokoteni wa mabati leni ya kushoto, mng'aro mweupe unajaza kioo nusu sekunde, na skrini inachora gari lililosimama mbele yangu, kisha inalifuta. Mashine iliona kioo cha jua ikadhani ni kitako cha gari. Wenyewe huku breki hizi za bure wanaziita breki za mzimu, na hazikuanza kwangu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi wa jambo hilohilo kwa magari ya Tesla mwaka 2022.

Jumatatu nikaenda yadi na rekodi kwenye flashi. Kijana akaitazama, akamwita mkubwa wake, mkubwa akaitazama. "Ni toleo la majaribio, Mama. Apdeti inayokuja itarekebisha." Inakuja lini? "Hivi karibuni." Neno lilelile la skrini, nikadhani labda wote wawili wamesoma chuo kimoja. Nikasema kama ni majaribio, mjaribu ni nani? Nimelipwa shilingi ngapi kujaribu? Hapo wakatoa mkataba, ukurasa wa 11, herufi za mchwa: vipengele vitatolewa kwa awamu, na kampuni haifungwi na tarehe yoyote. Chini yake sahihi yangu.

Hilo ni kosa langu na nalikubali. Daftari la arbuni nalisoma mara mbili kabla sijampa mtu risiti. Mkataba wa milioni nne nilisoma ukurasa wa bei nikafunga. Nikaomba nirudishiwe 260,000 na wao waking'oe kifurushi chao. Hawakuweza. Wakanipa matengenezo ya bure miaka miwili. Gari la umeme halibadilishwi oili, halina plagi wala chujio la petroli. Ni kama kumpa mwenye jiko la gesi mkaa wa bure. Nikachukua, nisiondoke mikono mitupu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma usiku badala ya kulala. Kumbe mchezo ni wa dunia nzima, ila wachezaji hawafanani. Volkswagen mwaka 2020 walipotoa ID.3 haikuwa imekamilika, lakini waliwaambia wateja wa kwanza: vitu viwili havijawa tayari, ni hivi na hivi, vitakuja mwanzoni mwa 2021, ukitaka chukua sasa, ukitaka ngoja miezi michache upate gari zima. Hiyo ni arbuni yenye tarehe, siwezi kuilaumu. Tesla wao mwaka 2022 waliondoa vipima vya ukaribu kwenye bampa, na wateja wakapewa magari yasiyoweza kujiegesha mpaka programu ya kamera ifike. Na kifurushi chao cha gari kujiendesha kabisa walianza kukiuza mwaka 2016. Mwaka 2024 kikaongezewa jina la kwamba dereva anasimamia. Miaka minane ili kuandika neno moja la kweli. Fisker ndio walionitisha zaidi. Gari lao, Ocean, liliwafikia watu mwaka 2023 bila hata kruzi ya kufuata gari la mbele, itakuja na sasisho, wakaambiwa. Juni 2024 kampuni ikafilisika. Mpishi amekufa, na arbuni zote ziko mfukoni mwake.

Huko Uchina kwenyewe, yanakotoka haya yetu, mambo yalibadilika mwaka 2025. Machi mwaka huo gari la Xiaomi lililokuwa likitumia usaidizi wa dereva muda mfupi kabla ya ajali liligonga kizuizi kwenye barabara kuu mkoani Anhui, wasichana watatu wakafa. Mwezi uliofuata serikali ikawaambia watengenezaji waache kutangaza "kujiendesha", na masasisho ya usaidizi huu yasirushwe kwenye magari yaliyokwisha kuuzwa bila idhini. Mimi huku nabonyeza kukubali na hakuna aliyeniidhinishia kitu.

Nisiwe dhalimu. Mwezi uliopita nilikuwa na hitima Diani, nikakwepa feri na kupita barabara mpya ya Dongo Kundu. Lami laini, mistari bado myeupe, hakuna mkokoteni. Kwenye daraja la Mteza gari lilishika leni kama treni kwenye reli, likafuata lori la mbele, likapunguza lilipopunguza, mimi mikono juu ya usukani bila nguvu. Nilifika Diani mabega hayaniumi. Kwa hiyo kitu hicho kipo, kinafanya kazi, na mahali pake panafahamika. Ni kwamba mahali pake si Kongowea siku ya soko, na si Buxton saa ya shule.

Na si feri ya Likoni, jamani. Kurudi siku ileile nilipitia huko kwa uvivu. Pale mtelemkoni watu wanakuzunguka pande zote, mwenye kuku, mwenye baiskeli, mama na mtoto mgongoni, na wafanyakazi wa feri wanakupungia "Songa! Songa, Mama, songa!" Gari likaona watu, likafunga breki. Nikakanyaga, likafunga tena, na kengele zinalia zote kama zimamoto. Kuzizima breki za dharura ni kupita kurasa tatu za skrini, na ukizima gari ukaliwasha, zinarudi zenyewe. Naelewa kwa nini, zimewekwa ziokoe watu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na lori la saruji, na dereva wake alikuwa na maneno ambayo siyaandiki.

Anayetaka kununua, gari nampa baraka zote. Ningelinunua tena kesho, na ningewatajia soketi ile kabla ya usukani. Kifurushi aache. Kama lazima akichukue, amwambie muuzaji amkalishe ndani ya gari lenyewe, si kwenye brosha, amwonyeshe kila kipengele kikifanya kazi barabarani, na vya kijivu vyote avitoe kwenye bei. Vikija, atalipa siku hiyo. Yadi wakisema haiwezekani, awaulize wao nyumbani kwao harusi hulipiaje. Na wateja wa kundi la pili, nimesikia, wanauziwa gari bila kifurushi kwa bei ya chini kuliko niliyolipa mimi baada ya kupunguziwa. Hilo ndilo limenichoma kuliko masala.

Sasa hivi nimejifunza kuishi nalo. Kruzi naiwasha Dongo Kundu tu. Nikiwa na sufuria, kabla sijafika Buxton nazima kila kinachozimika, na mjukuu wangu huhesabu mabonyezo kwa sauti: saba. Leso nafunga mbili badala ya moja, fundo upande wa pili.

Jana skrini ilinitangazia sasisho jipya, eti breki zimeboreshwa, na vipengele viwili vya kijivu vitafunguka. Wanataka nibonyeze kukubali. Jumamosi nina sahani 150 Bamburi, safari mbili. Nitabonyeza Jumapili, gari likiwa tupu.